Mguu Wangu na Nambari Nne

Kwanza jua kwamba mguu upo. Umepungua urefu, una makovu kumi na moja, na mbio hauziwezi tena, lakini upo, na ninaandika haya nikiwa nimeunyoosha juu ya stuli barazani kwetu Msambweni. Nimeanza na hilo kwa sababu nilipokuwa wodini, kila niliyeletewa habari zake kama mfano wa subira, habari ziliishia kwa yeye kumshukuru Mungu, bila kuambiwa kama mguu wake ulibaki au ulikatwa. Mimi nilitaka kujua hilo tu.

Naitwa Mwanasiti, na karibu kila mtu huniita Siti. Nilikuwa winga wa kulia katika timu ya taifa ya wanawake. Nina hasira za karibu, na hilo si la ugonjwa, nimezaliwa nalo. Kama unatafuta simulizi ya mgonjwa mpole aliyesamehe kila mtu, hii siyo.

Ilikuwa mechi ya kufuzu, ugenini, katika nchi jirani nisiyotaka kuitaja kwa sababu wengine wa huko hawakunikosea. Masika yalikuwa yameanza, na uwanja ulikuwa na tope pembeni, pale pale ninapokimbilia mimi. Tulikuwa tumebakiza kama dakika kumi. Nilipokea mpira, nikampita beki wao wa kushoto, aliyevaa nambari nne, na nilipoinua kichwa kutazama goli aliruka miguu yote miwili, njumu mbele, akanikuta kwenye muundi. Nilisikia mlio kabla sijasikia maumivu. Ulikuwa mlio wa muwa unaovunjwa gotini. Nilipotazama chini niliuona mfupa wangu ukiwa nje ya soksi, na jambo la kwanza lililonijia, wallahi, ni kwamba soksi ilikuwa mpya.

Alipewa kadi nyekundu. Aliondoka uwanjani bila kugeuka, mkono wake mmoja ukiwa umefunika mdomo. Mtu mmoja jukwaani alirekodi hayo kwa simu: anaruka, naanguka, kadi inatolewa, na yeye anaondoka mdomo umefunikwa. Kipande hicho kilifika Kwale kabla mimi sijatoka chumba cha upasuaji. Kila aliyekitazama alisema Nambari Nne alikuwa anacheka. Waliposema hivyo mbele yangu sikuwasahihisha.

Nilifungwa vyuma vya nje ya mguu huko huko ugenini, nikasafirishwa nyumbani wiki iliyofuata. Sasa nikwambie kosa letu la kwanza, na kama hutachukua lolote lingine kwangu, chukua hili. Watu walikuja kunijulia hali asubuhi hadi jioni. Walikuja wa Gazi, wa Jego, na walimu wangu wa shule ya msingi. Mama yangu hawezi kuingiza mgeni kwenye chumba chenye harufu ya mgonjwa. Yeye ni mwanamke wa mahamri, huamka alfajiri kukanda unga, na hata jikoni kwake pananukia. Basi akafukiza udi chumbani asubuhi, mchana na magharibi. Shuka zilinukia udi, bandeji zilinukia udi, na wageni walitoka wakisema mashaallah, mgonjwa anatunzwa. Mguu ulikuwa unaoza chini ya udi ule na hakuna pua iliyojua. Tulikuja kushtuka nilipoanza kutetemeka kwa homa na kumwita Ami Rashidi kwa jina la marehemu baba.

Ami Rashidi ni mdogo wake baba, ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki. Alinibeba mgongoni hadi kwenye tuktuk, vyuma na vyote, na njiani kila shimo tulilopita alimlaani Nambari Nne badala ya barabara. Nilipenda sana kumsikiliza.

Muuguzi alipofungua bandeji aligeuza uso. Daktari akasema usaha umeingia kwenye mfupa, na kwamba mfupa si nyama, haupoi kwa vidonge vya wiki moja. Tangu hapo sikuhesabu tena siku. Nilihesabu mara nilizofunguliwa mguu. Mara ya kwanza kabla masika hayajaisha, mara ya pili upepo wa kusi ulipoanza kugonga madirisha ya wodi, mara ya tatu katikati ya baridi ya mwezi wa saba, tukijifunika mablanketi mawili mawili kama watu wa bara.

Ugonjwa wa mfupa ni wa kungoja. Unangoja benchini uitwe eksrei, unangoja dripu iishe, unangoja daktari apite, na akipita unangoja aseme neno naye anaandika tu. Paja langu lililokuwa gumu kama nguzo likawa nyama ya kuning'inia. Nywele zilinitoka kwa viganja. Kitanda cha pili alilala Bi Mejumaa, mkulima wa mwani kutoka Kibuyuni, aliyekuwa na kidonda cha sukari kisiginoni. Alinipaka mafuta kichwani kila jioni bila kuulizwa, akanisuka zile zilizobaki, na siku nilipolia kwa kujiona kwenye kioo cha simu aliniambia, "Mwanangu, mimi nina kisigino chenye tundu la kuingia kidole na bado nina wivu na mume wangu. Wewe lia, ukimaliza ule." Nikala. Mtu wa namna hiyo ukimpata wodini, shikamana naye.

Mchana nililala, na nilipokuwa macho nilimfikiria Nambari Nne. Nataka kusema kweli hapa kwa sababu watu huwaambia wagonjwa kwamba chuki inaua. Mimi ilinilisha. Nilipochomwa sindano niliona sindano ile inaingia kwake. Nilipojifunza kukaa kitako nilijifunza ili siku moja nisimame mbele yake. Nilimtakia goti, kifundo, nyonga, uzazi, macho. Nilikuwa na orodha, na niliirudia kama mtoto anavyorudia juzuu.

Baada ya mara ya tatu daktari alikaa kitandani, nikajua ni habari mbaya, maana hakuwahi kukaa. Akasema wataingia mara ya nne, wakate kipande cha mfupa kilichokufa. Ikishindikana, mguu utakatwa chini ya goti. Akaniruhusu nikapumzike nyumbani wiki mbili kwanza. Mama alimshukuru kwa adabu, akatoka nje, na nilimsikia akitapika kwenye mtaro.

Ni katika wiki hizo mbili Ami Rashidi alipoamua. "Mtoto wa ndugu yangu hakatwi mguu hivi hivi na aliyemvunja yuko kwao anakula," alisema. "Tusome halbadiri."

Asiyeijua, halbadiri ni kisomo cha mtu aliyedhulumiwa. Husomwa majina ya mashahidi wa vita vya Badri, ubani ukiwaka, na aliyedhulumu humfika litakalomfika. Wapo mashekhe wanaosema hakina asili, na mimi siwezi kubishana nao. Ninachojua ni kwamba huku kwetu mtu akisikia amesomewa hulala macho wazi. Nilipomsikia Ami nilitaka kumbusu miguu.

Ikapangwa Ijumaa baada ya alasiri. Walikuja wanaume kumi wa mtaani, na mimi nikaegemezwa kwenye mto juu ya mkeka, mguu umefunikwa khanga. Maalim aliyenifundisha Kurani utotoni alikaa mbele yangu, kitabu bado kimefungwa. Chetezo kilikuwa katikati na ubani umeshika.

"Siti mwanangu," akasema, "hiki si jiwe la kumrushia mtu umtakaye. Kikitoka kinamtafuta aliyedhulumu, hakisomi anwani. Una hakika aliyedhulumu ni yule?"

"Nina hakika, Maalim."

"Wewe hukumtangulia kwa ubaya wowote?"

"Sikumtangulia."

"Nakuuliza mara ya tatu, na uangalie unavyojibu."

Sikupata kujibu. Mama alitoka jikoni ameshika birika la maji ya kunawa, akapita katikati ya wanaume, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake, na akalimimina lote ndani ya chetezo. Moshi na majivu viliruka mpaka kwenye kanzu ya Maalim.

"Shemeji, una wazimu?" Ami Rashidi akasimama.

"Rashidi, wewe ulitazama kile kipande cha simu," Mama akasema. "Mimi nilitazama mchezo mzima."

Mama alikuwa amekula yamini kwamba hatatazama hata dakika moja ya wanawake wazima kukimbizana na kaptula.

"Nilikwenda kwa jirani, nikakaa nyuma ya mlango nisionekane. Mwanzo mwanzo palikuwa na kona. Mwanangu alimpiga mwenzake kiwiko cha taya, kwa makusudi, refa akiwa amegeuka. Yule msichana alitema damu kwenye nyasi. Tangu hapo alikuwa ameshika mdomo. Hakuwa anacheka, Rashidi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipiga makofi." Akanigeukia. "Unataka kitoke kikutafute wewe, na wiki ijayo unaingia kukatwa?"

Maalim alichukua kitabu chake, akapangusa majivu, akaaga. Wanaume wakamfuata mmoja mmoja wakitafuta viatu vyao. Ami Rashidi alikuwa wa mwisho, na hakuniangalia.

Basi hilo ndilo la mkono na mdomo. Sitajitetea sana. Katika mechi za kimataifa hakuna anayengoja apigwe kwanza. Tulifundishwa kumkaribisha beki mapema: kiwiko kwenye kona ya kwanza, kifupi, mkono ukiwa kama unatafuta nafasi ya kuruka. Tulifanya mazoezi ya kiwiko kama tulivyofanya ya penalti. Kikienda vizuri beki hukuogopa mechi nzima, na cha siku ile kilikwenda vizuri. Nilisikia jino likigonga jino. Nilirudi katikati nikiwa nimefurahi, na mwenzangu mmoja alinipiga kofi la mgongo kunipongeza.

Lakini yeye alinivunja mguu. Kiwiko na mguu si sawa, na kama unadhani ni sawa njoo uutazame huu wangu.

Sikumsemesha Mama kwa wiki nzima. Alinisafisha kidonda asubuhi na jioni, mimi nimegeukia ukutani, yeye akinung'unika dua. Nilimwona amenipokonya kitu pekee nilichobaki nacho. Siku ya kurudi hospitali nilimwambia neno moja, "Nikikatwa, ni wewe." Alikunja nguo zangu, akaziweka kwenye mkoba.

Mara ya nne nilikaa ndani toka asubuhi hadi adhuhuri kupita. Nimeambiwa Mama hakuinuka benchini hata kwenda kunywa maji, na kwamba Bi Mejumaa, aliyekuwa amekuja kliniki siku hiyo, alikaa naye wameshikana mikono. Nilipozinduka kitu cha kwanza nilichofanya ni kupeleka mkono chini ya shuka. Niligusa goti. Nikashuka. Nikagusa chuma, na baridi ya chuma kile sijaisahau, maana chuma kilikuwa kimeshika kitu.

Mvua za vuli zilinikuta nikijifunza kusimama kati ya vyuma viwili vya mazoezi, nikimtukana mtaalamu wa mazoezi, kijana wa bara aliyecheka kila nikimtukana. Kaskazi ilipoanza niliacha gongo moja. Vyuma vya mguu vilitolewa siku chache kabla ya Ramadhani, na nilifunga mwezi mzima kwa furaha ya kuweza kukunja goti kusujudu. Na Mama tulikwisha kusemezana. Siwezi kusema lini. Alinipa hamri la kwanza la kikaango kama alivyokuwa akinipa nikiwa mdogo, nikalipokea, basi.

Ungependa nimalizie hapo. Wengi humalizia hapo.

Baada ya Idi alinipigia simu binamu yangu Mwanajuma, anayefua nguo katika hoteli moja Diani. "Siti, wageni wako wamefika. Wamepiga kambi kwetu, wana mechi Jumapili. Nimefua fulana nambari nne kwa mikono yangu hii."

Asubuhi iliyofuata nilipanda tuktuk. Nilichukua gongo. Nilikuwa nimeacha kulitumia wiki tatu nyuma, na dereva aliniuliza kwa nini nimelishika kama rungu. Mwanajuma aliniingiza kupitia mlango wa wafanyakazi.

Timu yao ilikuwa inakunywa chai. Meza kubwa, mikate, mayai, soseji, kelele. Nambari Nne alikuwa amekaa peke yake pembeni, na mbele yake palikuwa na bakuli la uji. Aliponiona aliweka kijiko, akasimama. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Kumbe kila usiku nilikuwa nikimrefusha.

"Asalaam aleikum," akasema. Maneno yalimtoka yamepinda, kama ya mtu mwenye kitu mdomoni. "Nilijua utakuja."

Nilimwitikia. Unaweza kumchukia mtu na salamu yake ukaijibu, ni haki yake. Naye ni mtu wa pwani, wa upande wa pili wa mpaka, na aliniambia jina lake. Sitaliandika. Kwangu ataendelea kuwa Nambari Nne.

Alitazama mguu wangu, akatazama gongo. "Taya lilipasuka," akasema. "Sikujua. Nilidhani ni jino tu. Niliendelea kucheza kwa sababu nilikuwa nakungoja." Hakuomba radhi, nami sikuomba. Tulikuwa tunaelewana vizuri mno. "Wiki sita nilinywa kwa mrija. Mpaka leo sitafuni upande huu."

"Mimi nimefunguliwa mguu mara nne," nikasema.

"Nimesikia." Akashusha sauti. "Kwetu walikusomea. Bibi yangu aliitisha halbadiri. Ijumaa ya pili baada ya mechi."

Nilikaa bila kukaribishwa. Ijumaa ya pili ndiyo wiki ile ya wageni, ya homa, ya kumwita Ami kwa jina la baba. Nilijiambia ni udi. Ni udi uliotuficha harufu, daktari alisema tungewahi siku tatu tu mapema, usaha usingefika kwenye mfupa. Nilijiambia hivyo mara mbili, na bado nilikuwa nimelishika gongo kwa mikono miwili.

"Na nyinyi?" akauliza. Hapo ndipo nilipoiona hofu. Macho yalimjaa. "Daktari anasema mfupa umeunga, hana anachokiona. Lakini bado naumwa. Bibi anasema lazima na kwenu walisoma, na mimi nilikuvunja, kwa hivyo kimenipata. Niambie kweli, dada. Mlisoma?"

Ningeweza kumwambia. Chetezo kilizimwa, kitabu hakikufunguliwa, Mama alituzuia, lala usingizi wako. Maneno yenyewe hayazidi kumi. Nilimtazama akiwa ameshika shavu, nikakumbuka soksi, nikakumbuka Mama akitapika kwenye mtaro, nikakumbuka mkono wangu ukishuka chini ya shuka.

"Tulisoma," nikamwambia. "Wanaume kumi. Majina yote, hatukuacha hata moja."

Alikaa. Hakulia. Alichukua kitambaa cha karatasi mezani, akaomba kalamu kwa mhudumu, akaandika nambari yake ya simu taratibu kama mtoto wa shule, akanipa kwa mikono miwili. "Siku mtakapokuwa radhi kukifungua kisomo chenu," akasema, "nipigie tu. Hata kama ni kuniambia neno moja."

Jumapili hakucheza. Niliitazama mechi kwa jirani, mimi na Mama safari hii tumekaa mbele, na kamera ilipopita kwenye benchi lao nilimwona amejifunika taulo upande wa uso. Mama aliniuliza kama kweli nilikwenda Diani, na tulizungumza nini na yule msichana. Nikamwambia tulisalimiana. Alifurahi sana, akasema Alhamdulillahi, sasa mtapona nyote.

Imepita miezi mitano. Mguu hauumi siku hizi isipokuwa mvua ikikaribia. Kitambaa kile kimo kwenye bahasha ya eksrei zangu, nambari inasomeka vizuri, na sijapiga.